Kelele za Kulipia

Baba alikuwa akishuka mita mia tisa chini ya Gelsenkirchen
na kupanda jioni, kope zimepakwa wanja wa makaa
usiotoka kwa sabuni.
Siku niliyoleta nyumbani santuri yangu ya kwanza ya metali
alisikiliza nusu ya wimbo, mkono kwenye kitasa cha mlango.
"Mimi hulipwa kusikia hizi," akasema.
"Wewe umelipa?"
Akaenda zake kwa njiwa wake wa mashindano.

Njiwa ndio waliotushitaki.
Tulikuwa tukifanya mazoezi kwenye chumba cha chini ya nyumba,
makasha ya mayai tumeyabandika ukutani yameze sauti,
Udo akitwanga ngoma kama anayedai malimbikizo ya mshahara,
Detlef akilinyonga gita mpaka liungame.
Njiwa mmoja jike, wa kijivu, bingwa wa safari ya kutoka Lille,
akasusa kutaga.
Kesho yake nilikuta yai la dukani kwenye sahani yangu,
limechemshwa, limepoa.
Baba hakusema neno.

Dada yangu Gudrun alisema ni mbwa abwekaye ndani ya pipa.
Padri alisema ni shetani.
Walimpa shetani sifa zisizo zake:
shetani gani angekaa saa tatu kila siku
arudie kipande kilekile, vidole vivimbe,
vipone, viote sugu, arudie?

Nilipenda nini? Nimeulizwa sana.
Si mafuvu. Mafuvu yalikuwa nembo tu,
kama simba kwenye kopo la rangi.
Wasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Kwetu kikohozi kilikuwa kikohozi,
na kilifichwa, ndani ya leso, nyuma ya mlango wa choo.
Jikoni tulinong'ona: mgodi utafungwa,
Kaczmarek kakatwa mguu,
mapafu.
Kule chini, kati ya makasha ya mayai,
jambo zito lilisemwa kwa uzito wake.
Basi.

Detlef alinyoa nywele mwaka ule ukuta wa Berlin ulipoanguka.
Anauza bima. "Ulikuwa utoto," huniambia,
na vidole vyake vinagonga meza
moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili,
wala hajui.

Mimi sikuacha. Sikuamka siku moja nikaacha.
Zilikuja zamu za usiku kwenye kiwanda cha vioo,
akaja Merle, mwepesi wa kuamka,
kitufe cha sauti kikashuka kutoka tisa hadi nne,
kutoka nne hadi mbili,
na metali kwenye namba mbili
ni mbu.

Machi iliyopita walimwingiza baba kwenye mashine ya picha,
lile bomba jeupe la hospitali.
Dakika arobaini. Nilikaa nje nikisikia kupitia ukutani
gongo, gongo, kisha msumeno, kisha gongo.
Alipotoka, nywele zimesimama kama kifaranga,
alinitazama kwa muda.
"Nimesikia bendi yako."
"Ikoje?"
Akafyonza jino. Akafikiri kwa haki.
"Mpiga ngoma anajua kazi.
Mwimbaji hakutokea."

Tulimzika Juni.

Leo tunatoa vitu kule chini. Koti la jinzi lisilo na mikono,
nembo kumi na moja. Mama ndiye aliyezishona,
akijipiga ishara ya msalaba kwa kila fuvu,
kwa uzi uleule wa vitambaa vya altare,
mishono midogo, sawasawa, haijaachia hata mmoja.
Nimelivaa. Vifungo na matundu vinatazamana kwa mbali
kama ndugu waliogombania urithi.
Sikio langu la kushoto lina kifaa siku hizi;
nikikivua usiku hubaki waya mmoja mwembamba unalia,
hakuna aliyeugusa.

Merle analitaka koti. Ana miaka kumi na tisa,
husikiliza vitu visivyo na gita hata moja.
Amelivaa juu ya sweta, limemkaa.
Akainama, akanusa bega.
"Baba," amesema, "hili linanuka njiwa."